Ndoo, Panya na Sentimita 3

Panya alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma juu ya gunia la pumba, macho yakichungulia juu ya mdomo wa ndoo kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuchota maji. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, mwezi wa tisa, mwanga bado upo. Mimi nilikuwa kizingitini mwa mlango wa jikoni, mita tatu kutoka kwake, goti moja chini, bunduki ya upepo begani, pumzi nimeibana. Wiki tatu nzima nilikuwa nikijiandaa kwa jioni hiyo. Nikauweka msalaba wa darubini katikati ya macho yake, nikavuta kifyatulio polepole kama nilivyofundishwa.

Pa!

Panya hakuanguka. Alizama nyuma ya gunia, kisha, baada ya muda wa kutosha kusoma Kulhuwallahu mara moja, akatoa pua tena. Alikuwa amesikia kitu, na mimi nilikisikia: maji. Ubavuni mwa ndoo, chini kidogo ya mdomo, palikuwa na tundu dogo la mviringo, na maji yakitoka kwa mkondo mwembamba, mzuri, kama bomba la msikitini asubuhi. Panya akashuka, akazunguka ndoo, akaja upande wangu, akanywa.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mke wangu.

"Hiyo ni ndoo ya mama."

Ndoo ile ilitoka Tanga. Ilikuja Uingereza miaka tisa iliyopita ikiwa imebeba achari ya embe ya mama mkwe, mfuniko umezungushiwa selotepu kama mtu aliyevunjika mguu. Achari iliisha ndani ya miezi miwili. Ndoo ikabaki, ikipanda na kushuka vyeo: ilihifadhi unga, ikafulia nguo za watoto, ikalowekea maharage, na mwishowe ikastaafu kwa heshima kwenye banda la kuku. Katika nyumba yetu, kwenye kijiji kilicho nje kidogo ya Leicester, hakuna chombo kingine chenye ukoo mrefu hivyo.

"Nililenga kichwa," nikasema.

"Kichwa cha nani?"

Lazima nieleze nilivyofika pale. Tuna kuku sita, na penye kuku pana pumba, na penye pumba hukosi panya. Mke wangu alitaka mitego. Mimi nikasema mtego ni silaha ya mtu asiye na subira ya kulenga. Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, nikakua nikitungua maembe ya watu, na heshima yangu mtaani ilijengwa kwa mawe. Sisi hatukuwa tukilenga embe, maana anayelenga embe hulipiga shina. Ulilenga jani fulani juu ya embe, na mkono wenyewe ulijua ni jani lipi. Ukisogea nyuma hatua tano, jani linapanda. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hilo, na aliyekosa alirudi nyumbani na njaa. Kumbuka jani hilo, maana mimi nililisahau kwa wiki tatu, na gharama yake umeiona.

Nikaenda dukani. Hapa England mtu mzima haombi cheti cha polisi kwa bunduki ya upepo ya begani ambayo nguvu yake haizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16. Ukivuka mpaka kwenda Scotland ni habari nyingine: huko tangu mwisho wa 2016 unatakiwa kuwa na cheti. Lakini hata England kuna masharti. Bunduki unakabidhiwa mkono kwa mkono, haiji kwa posta mlangoni kama viatu. Watoto wasiifikie. Na risasi isivuke mpaka wa ardhi yako, sharti lililonifanya nijaze mchanga kwenye magunia kama mtu anayejiandaa kwa mafuriko.

Muuzaji alinimiminia risasi kiganjani. Nilitegemea kitu cha kutisha. Nilichokiona ni vijitu vya madini ya risasi, milimita 4.5 upana, nusu gramu na kidogo uzito, vyenye kichwa cha mviringo, kiuno kilichobanwa na sketi iliyofunguka nyuma. Kila kimoja kilifanana na bibi aliyejifunga kibwebwe tayari kwa ngoma. Muuzaji akanieleza kwamba umbo lile si pambo: sketi ile nyuma hukamata hewa na kukishikilia kijitu kiende kichwa mbele, kisiyumbe. Nikanunua mia tano. Nikanunua na darubini, maana mtu wa miaka 47 aliyeanza kushika gazeti kwa mkono mrefu hawezi kusema anaamini macho yake.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Mombasa aishiye Leicester mjini, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bwana wee, hicho si kitu cha watoto?" Nikamwambia jeshi la Austria lilipewa bunduki za upepo kuanzia 1780, kazi ya fundi Girardoni wa Tyrol, bunduki iliyomeza risasi zaidi ya ishirini kwa mkupuo wakati askari wengine wakijaza baruti kwa kijiti, risasi moja moja. Nikamwambia wavumbuzi Lewis na Clark waliposafiri kuvuka Marekani kati ya 1804 na 1806 walibeba bunduki ya upepo, wakawa wanaifyatua mbele ya wenyeji ili kuwashangaza. Nikamwambia tangu Los Angeles 1984 ni mchezo wa Olimpiki, mita 10, na kitone cha katikati kina kipenyo cha nusu milimita, kama nukta ya kalamu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe unataka kumpiga panya?"

Sasa, bunduki na darubini huja kama watu wawili waliooana kwa barua: wanalala kitanda kimoja, hawajuani. Darubini inatazama huku, mtutu unapiga kule, na wewe kazi yako ni kuwapatanisha. Mzee mmoja mwenye shamba jirani na sisi, ambaye hutuuzia majani makavu ya banda, alinipa uwanja nyuma ya ghala lake nifanye upatanisho huo. Akanionyesha ukuta wa udongo wa kuzuia risasi, akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikasema hapana, asante. Mtoto wa Ngamiani huyo.

Nilisimamisha katoni mita 27 mbele yangu kwa sababu kitabu kidogo kilichokuja na darubini kilisema watu wengi huanza na masafa hayo. Kumbe kilichosema ni kwamba humalizia na masafa hayo, lakini mimi nilisoma sentensi nusu. Nikafyatua mara kumi. Katoni ikabaki kama ilivyotoka dukani. Mtu mwenye akili angesogea mpaka mita kumi, apate angalau pa kuanzia. Mimi nilileta katoni kubwa zaidi, ile iliyobeba friji.

Kwenye katoni ya friji nilipata matundu, yote chini kushoto. Hapo ndipo nilipokutana na vifundo viwili vya darubini, kimoja juu na kimoja ubavuni. Ukikizungusha kinalia tik, tik, tik. Nikazungusha tik tatu, nikafyatua, hakuna kilichobadilika. Nikatamka hukumu: darubini mbovu. Kumbe digrii moja ina dakika 60, na kila tik ni robo ya dakika moja tu. Kwenye mita 100 hiyo ni milimita saba; kwenye mita 27 haifiki milimita mbili. Mimi nilitaka kuhama mkoa, nikapiga hatua tatu za sisimizi.

Basi nikakizungusha kama kifuniko cha chupa. Sasa swali likawa kizungushwe upande gani. Kifundo cha juu kilikuwa na mshale ulioandikwa neno la kuelekeza juu. Nikafikiri hivi: risasi zinapiga chini, maana yake darubini inatazama juu mno, basi niishushe. Fikra hiyo ina mantiki kamili, na ilinipeleka kinyume kabisa. Aliyetengeneza kifundo alishakufanyia hesabu hizo: mshale unasema risasi iende wapi, siyo darubini itazame wapi. Unataka risasi ipande, fuata mshale wa kupanda, kaa kimya. Mimi sikukaa kimya. Risasi kumi na tano zilizofuata zilitua kwenye nyasi mbele ya katoni, kila moja karibu yangu zaidi, kana kwamba zinarudi nyumbani.

Mzee alikuwa amekaa kwenye trekta lake muda wote huo. Hakusema neno. Waingereza wana njia ya kukaa kimya inayosikika.

Jumamosi ya pili nilikuwa mtu mwingine. Nilianza mita kumi, nikafuata mishale, nikarudi nyuma taratibu. Tatizo likawa jingine: sasa nikiiweka sawa, punde imehama. Nilizungusha vifundo asubuhi nzima, nikifukuza risasi kama mtu anayefukuza kuku asiyekamatika. Hatimaye mzee akashuka kwenye trekta, akashika darubini kwa mkono, akaivuta. Ikatelezea nyuma kwenye reli yake kama droo ya kabati.

"Skrubu," akasema.

Bunduki yangu ni ya springi. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni mbele na bunduki inaruka nyuma, kama bunduki yoyote. Lakini pistoni ikifika mwisho inagonga mto wa hewa, na bunduki nzima inasukumwa mbele tena. Teke mara mbili, la pili kinyume na la kwanza, yote kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu. Mishtuko hiyo huilegeza kila skrubu ambayo haikukazwa vizuri, na darubini ikaanza safari ya kurudi nyuma, nukta kwa nukta. Kulikuwa na kipini kidogo cha kuizuia, kilichopaswa kuingia kwenye tundu juu ya reli. Kipini hicho nilikuwa nacho mfukoni. Nilidhani ni cha akiba.

Na kuhusu kushika, mzee alikuwa na maneno makali. Mimi nilikuwa naikumbatia bunduki kwa nguvu zote, taya limekaza, kama nimemkamata mwizi wa kuku. Alinifungua vidole kimoja kimoja. Bunduki ya springi inataka kulala juu ya kiganja kilichofunguliwa, iachwe iruke inavyotaka, ila iruke vilevile kila mara. Ukiibana leo sana na kesho kidogo, inaruka tofauti na risasi inatua tofauti. Alisema mtu aishike kama kifaranga cha siku moja. Hilo lilinifaa, vifaranga nilishawahi kushika.

Jumamosi ya tatu, mita 27, risasi tatu mfululizo ziliingia katika tundu ambalo sarafu ya shilingi mia mbili ingelifunika na chenji kubaki. Niliikata ile katoni kwa kisu, nikaipeleka nyumbani, nikaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, juu ya ratiba ya shule ya watoto. Mke wangu aliitazama akauliza kama ni ya kutupa.

Jioni ya Jumatatu ndipo panya akasimama kwenye gunia.

Kesho yake, baada ya kuimwaga ndoo, kuiosha na kuiziba kwa ubani wa kutafuna, nilirudi kwa mzee na malalamiko rasmi. Darubini imeharibika. Jumamosi nilipiga sarafu, Jumatatu nimekosa panya mzima aliye mita tatu. Mita tatu! Ningemrushia kiatu nisimkose. Mzee aliuliza maswali mawili tu: ulimlenga wapi, na tundu liko wapi. Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika nguzo ya ghala.

Kisha akaniambia kwamba kijijini alikokulia, watu walishindana kulenga kengele ndani ya baa. Bamba la chuma lenye tundu jembamba lisilofika sentimita moja, nyuma yake kengele, na mlengaji amesimama yadi sita au saba tu, kama mita sita hivi. Risasi ikipenya tunduni, kengele inalia na baa nzima inajua. Ikigonga bamba, baa nzima pia inajua. Michezo hiyo ingali ikichezwa kwenye baadhi ya baa za Midlands hadi leo. Alisema pale ndipo alipojifunza kwamba umbali mfupi una hila zake, na unamfedhehesha mtu mbele ya mashahidi wengi.

Akachukua mpini wa fagio, akauita mtutu. Akachukua uzi wa kufungia majani, akaukaza juu ya mpini toka mwanzo mpaka mwisho wa ghala: huo ndio mstari wa jicho langu ndani ya darubini. Uzi ulikuwa umenyooka. Mpini ulikuwa sentimita nne chini yake.

"Darubini imekaa juu ya mtutu," akasema. "Unaona? Risasi inazaliwa chini ya mahali unapotazama. Ikitoka tu, inaanza kuanguka. Haijawahi kupanda risasi yoyote yenyewe. Kinachoifanya ipande ni kwamba wewe, kwa kuzungusha vifundo vyako, umeuinamisha mtutu kidogo uelekee juu."

Kwa hiyo risasi inatoka chini ya uzi, inapanda kuufuata. Bunduki kama yangu inairusha kwa kasi ya mita kama 240 kwa sekunde, na kufika mita 27 inatumia takriban sehemu ya nane ya sekunde. Katika kufumba na kufumbua huko dunia inaivuta chini sentimita zipatazo saba. Kwangu, risasi inaukata uzi mara ya kwanza mita kama 14 hivi. Kutoka hapo inakuwa juu ya uzi, lakini kidogo sana, nusu sentimita kwenye mita 20. Kwenye mita 27 inaukata tena ikishuka, pale pale niliposherehekea sarafu yangu. Baada ya hapo inaporomoka: mita 40, sentimita tano chini. Na kwenye mita tatu? Bado haijapanda. Bado iko chini ya uzi kwa karibu sentimita tatu nzima, na kama mbele yake pana ndoo, itaingia ndooni.

Nilisimama pale nimeshika mwisho wa uzi. Lile jani juu ya embe lilinirudia, na kila jani nililowahi kulilenga. Nilikuwa nikijua haya yote nikiwa na miaka minane, pekupeku, na jiwe mkononi. Kisha mtu akanipa kioo chenye msalaba, na kioo hicho kilikuwa kizuri sana, kisafi sana, kikinionyesha masharubu ya panya moja moja... Hapana, hata hilo si kweli. Darubini yangu haioni vizuri chini ya mita kumi. Panya yule, nikisema ukweli, alikuwa wingu la kahawia lenye nukta mbili nyeusi. Nililiamini wingu kwa sababu lilikuwa na msalaba juu yake.

Usiku ule nilimweleza mke wangu mezani. Kisukumio cha chapati kilikuwa mtutu, uzi wa kushonea ukawa jicho, punje ya maharage ikawa risasi. Nilimpitisha kila kituo: hapa inazaliwa chini, hapa wanakutana, hapa risasi iko juu kidogo, hapa wanakutana tena, baada ya hapo hawaonani tena. Alifuatilia kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Kumbe ni kama shangazi yako na mama yangu," akasema. "Wanakutana harusini, halafu wanakutana msibani. Hapo katikati mmoja anajiona yuko juu."

Nimesoma maelezo mengi tangu siku hiyo, yenye michoro ya rangi na majedwali. Hakuna lililonikaa kichwani kama hilo. Hata leo nikilala nyuma ya bunduki, mita 14 naiita harusi na mita 27 naiita msiba.

Nikaandika kadi. Nilifyatua risasi tano katika kila kituo, mita 3, 5, 10, 14, 20, 27, 35 na 40, nikapima kwa rula, nikaandika kila tofauti, nikaigundisha kadi kwenye kitako cha bunduki. Mita 3: chini 2.8. Mita 5: chini 2.1. Kuendelea. Mtu anayeniona kwa mbali nikisoma kitako cha bunduki kabla ya kufyatua hudhani nasoma dua. Katika kuandaa kadi hiyo nilijifunza pia kwamba ukiinamisha bunduki ubavuni hata kidogo, risasi inaondoka na ubavu huo. Kwamba ukipeleka jicho huku na huku nyuma ya darubini, msalaba nao unatembea juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika, kwa hiyo shavu lazima likae palepale kila mara. Na kwamba upepo mdogo usioinua hata kanga kambani unaweza kumhamisha bibi wa kibwebwe mpaka uwanja wa jirani. Hayo yote niliyajua kwa gharama ya risasi, na risasi si ghali. Gharama ilikuwa Jumamosi.

Rafiki yangu wa Mombasa, yule wa kitu cha watoto, mwezi uliofuata alinunua yake. Akanunua ile isiyo na springi, yenye mtungi wa hewa, kwa sababu haina teke. Hakuambiwa, au hakusikiliza, kwamba mtungi ule unajazwa mpaka bar 200, na gurudumu la gari lake lina bar 2 na kidogo. Alinunua pampu ya mkono. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, shati limelowa, akisukuma pampu kwa uzito wa mwili wake wote, na pampu ikishuka taratibu kama lifti ya jengo kuukuu. "Upepo," akasema akihema, "upo bure kila mahali. Isipokuwa humu ndani."

Mzee akatupeleka wote wawili kwenye mashindano. Ni mchezo wa porini: shabaha ni mabamba ya chuma yenye umbo la mnyama, yamefichwa kati ya miti, yenye tundu ambalo ukilipiga bamba linaanguka. Umbali ni kati ya yadi 8 na 45, yaani mita 7 mpaka 41, na hakuna anayekuambia ni ngapi. Shabaha thelathini, ukiangusha pointi mbili, ukigonga bamba bila kuangusha pointi moja, ukikosa kabisa sifuri. Na kuna sheria moja iliyonifanya nimpende aliyeitunga: ukishaanza, huruhusiwi kugusa vifundo vya darubini. Hakuna tik. Unakisia umbali kwa jicho, kisha unalenga juu au chini kwa akili yako mwenyewe.

Yaani jani.

Ningependa kusema damu ya Ngamiani iliamka. Iliamka kiasi. Nilipata pointi 23 kati ya 60. Bibi mmoja wa Kiingereza aliyekaribia miaka themanini, aliyekuja na mto wa kukalia na chupa ya chai, alipata 51, na katikati ya shindano alinionea huruma akanipa biskuti. Rafiki yangu wa Mombasa alipata 19, hewa ikamwishia kwenye shabaha ya ishirini na mbili. Hakuwa na nguvu ya kupampu tena. Alikaa chini ya mti, akala biskuti zangu.

Na panya? Nilirudi siku nyingi kwenye kizingiti kile, kadi kitakoni, macho kwenye mdomo wa ndoo tu. Mita tatu, lenga sentimita 2.8 juu. Nilijua kila kitu sasa. Hakuja. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nikajiambia kwamba habari zimeenea kwao. Kisha siku moja nikaenda kuwapa kuku chakula, sikuliona gunia. Mahali pake palikuwa na pipa la bati lenye mfuniko wa kukaza. Mke wangu alikuwa amelinunua siku ya pili baada ya mkasa wa ndoo, bila kumwambia mtu, na panya walipokosa pumba wakahamia kwa watu wenye pumba.

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikaenda kuitazama ndoo. Ubani wa kutafuna ulishang'oka zamani, kuku waliudonoa. Ndoo sasa haijai kupita lile tundu. Mke wangu anasema nimempunguzia mama yake lita moja na nusu. Nikaingia ndani, nikachukua rula ya mtoto, nikarudi nikachuchumaa. Kutoka mdomo wa ndoo mpaka katikati ya tundu: sentimita 2.3. Na jioni ile macho ya panya yalikuwa yametokeza juu ya mdomo, niseme nusu sentimita. Jumla 2.8. Nikasoma kadi. Nikapima tena.

Nikamwita mke wangu. Alitoka na mikono ina unga. Nikamwonyesha rula, nikamwonyesha tundu, nikamwonyesha kadi, nikamwonyesha palipokuwa na gunia na palipokuwa na macho.

"Kwa hiyo bunduki haikukosea," akasema.

"Haikukosea hata milimita."

"Na darubini haikukosea."

"Haikukosea."

"Na ndoo ya mama, nayo ilikuwa imekaa zake mahali pake."

"Ilikuwa mahali pake."

Akaichukua rula mkononi mwangu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaingia nayo ndani.